Karajan: sifa zake ni za haki, au tumezirithi tu?

Pigo la Kwanza (mleta mada)

Wakuu, kila zikitajwa rekodi za muziki wa okestra, jina la mwongoza okestra Herbert von Karajan halikosi. Kazaliwa Salzburg 1908, kaishika Berlin Philharmonic kuanzia 1955 hadi Aprili 1989, kafariki Julai mwaka huohuo. Miaka 34 na okestra moja. Simfoni zote 9 za Beethoven kazirekodi mara nne: na Philharmonia ya London mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha na Berlin 1961–62, 1975–77 na 1982–84. Wapo wanaomwita mkubwa kuliko wote, na wapo wanaosema alikuwa muuza sauti tamu.

Msimamo wangu ni huu. Sifa ya sauti anaistahili yote, bila kupunguziwa. Sifa ya kwamba kila alichokigusa ndiyo tafsiri ya mwisho, hiyo siikubali. Watu huzifunga pamoja, na ndiyo maana mjadala wake hauishi.

Tuanze na kitu cha kusikika. Chukueni vipimo (migao ya mapigo) vitano vya mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven. Wanaopiga pale ni vyombo vya nyuzi na klarineti tu. Kuna pumziko fupi, nota ya G mara tatu, kisha E bemoli yenye fermata (alama ya kuishikilia nota). Halafu pumziko tena, F tatu, na D yenye fermata. Lakini ile D imeandikwa kwa vipimo viwili vilivyoungwa, maana yake ishikwe zaidi ya ile E bemoli. Sikilizeni rekodi ya 1962 mkiwa mmezingatia zile nota mbili ndefu peke yake. Hazilegei katikati. Nota ndefu ya okestra nyingi huanza na nguvu kisha hunywea kama mpira unaopoteza upepo. Hapa uzito uleule unafika hadi sekunde ya mwisho. Hiyo si bahati wala si maikrofoni. Ni kazi ya miaka.

Mkono wa Kushoto

Mkuu umegusa penyewe. Mwanzo wa Tano ndipo waongoza okestra wengi huumbuka, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Mwendo aliouandika Beethoven ni vipimo 108 kwa dakika, pigo moja kwa kila kipimo. Mkono unaposhuka, wapigaji hawana nota, wana pumziko. Nota ya kwanza inakuja baada ya mkono kugonga chini. Ukitoa mapigo mawili ya maandalizi, kuna mtu ataingia mapema. Ukitoa moja lisilo na mwendo wazi ndani yake, zile G tatu zinatoka kama kokoto zinazomwagwa.

Dawa ya kawaida ni pigo moja tu la maandalizi, dogo, kali, lenye kasi ileile ya kipimo kinachofuata. Karajan hakuwa mtu wa pigo kali. Mkono wake ulizunguka, haukuwa na ncha, na mara nyingi alifumba macho. Berlin hawakupiga pamoja na mkono. Walipiga baada yake, pale walipoafikiana kwa kusikilizana, huku Michel Schwalbé, kiongozi wa fidla tangu 1957, akiwa ndiye nguzo ya kushikia. Kwa hiyo sifa ya pale mwanzo ni yake, lakini ni ya okestra pia. Aliwafundisha kutomtegemea.

Mwenye kwaya au okestra changa asimwige. Wapigaji wasiozoeana wakipewa pigo lisilo na ncha, kila mmoja atamsubiri mwenzake, na baada ya vipimo 20 mwendo umeshadorora.

Klarineti B

Naomba kueleweshwa. Okestra kubwa zote zina fidla za kwanza 16, za pili 14, viola 12, selo 10, kontrabesi 8. Hesabu ni ileile. Sasa hiyo "sauti ya Karajan" inatengenezwa na nini hasa?

Fidla ya Pili

Klarineti B, swali zuri. Ni mambo madogo mengi yanayofanywa kwa pamoja.

Kwanza urefu wa nota. Mpiga fidla akifika karibu na mwisho wa upinde, mkono hujiandaa kugeuka, na sauti hupungua hata kama nota haijaisha. Karajan alitaka nota ijazwe hadi mwisho wake, ikabidhiwe kwa inayofuata bila mwanya. Ili hilo liwezekane, wapigaji hawageuzi upinde kwa wakati mmoja. Meza moja ina watu wawili: wa nje anageuza kwenye pigo la kwanza, wa ndani kwenye la tatu. Mgeuko wa mmoja unafunikwa na mwenzake. Msikilizaji anabaki na mstari usio na mshono.

Pili, kasi ya upinde. Upinde uendao taratibu lakini kwa uzito, karibu kidogo na daraja la chombo, unatoa sauti nene. Ukienda haraka bila uzito unapata sauti ya hewa hewa. Ukizidisha uzito bila kasi ya kutosha, nyuzi zinakwaruza. Nafasi kati ya hizo mbili ni nyembamba, na watu 60 wa nyuzi waikute kwa pamoja.

Tatu, mtetemo wa kidole cha mkono wa kushoto. Wengi huuacha pale kidole kinapotaka kuhama. Huku unaendelea hadi kidole kingine kitue. Ukiuacha kwa robo sekunde tu, mstari unatoboka.

Nne, sauti inajengwa kutoka chini. Nyuzi za kontrabesi ni nene na huchelewa kuzungumza, kwa hiyo wapigaji wake wakingoja kuisikia fidla ndipo waanze, wamekwisha kuchelewa. Lazima wawahi kuugusa uzi. Wapulizaji nao, kama Lothar Koch kwenye obo, Karl Leister kwenye klarineti na James Galway kwenye filimbi (1969–75), walijua kuingia bila kugonga ulimi pale alipotaka nota izaliwe kutoka kimya.

Mfano wa karibu: mwanzo wa Simfoni ya Nne ya Sibelius, rekodi ya 1965. Selo, kontrabesi na fagoti zinatoa C, D, F kali (F iliyopandishwa nusu sauti), E, kisha zinabaki zikiyumba kati ya F kali na E. Nota nne tu. Unasikia uzito wa sakafu, halafu selo ya peke yake inaingia juu yake bila kusukumana na mtu. Sijasikia okestra nyingine iliyoufanya ule mwanzo uwe mzito hivyo bila kuwa mchafu.

Kasoro yake ni hii: ukiufanya mtindo huo kila mahali, muziki unapoteza konsonanti. Ni kama kwaya inayoimba irabu tupu. Sauti tamu, maneno hayasikiki.

Mzee wa Metronomu

Asante Fidla ya Pili, hapo kwenye konsonanti ndipo penye kesi yangu yote. Beethoven ni mwandishi wa konsonanti. Ana *sforzato* (mkazo wa ghafla) kila baada ya vipimo vichache, ana vituko vya ghafla, ana kimya kinachotakiwa kiume. Ukiunganisha kila nota na jirani yake unamlainisha mtu aliyekusudia kukwaruza.

Tuje kwenye hesabu. Sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tatu, *Eroica*, ina vipimo 691, na Beethoven ameandika vipimo 60 kwa dakika. Gawanyeni: dakika 11 na nusu bila rudio (kipande kinachoagizwa kupigwa tena). Karajan 1962 anatumia zaidi ya dakika 14, na rudio la mwanzo ameliacha. Hiyo ni chini ya vipimo 50 kwa dakika. Kwa rudio hilo sibishani naye sana, enzi zile wengi waliliruka. Ila kwenye Simfoni ya Sita, ile *Pastorale*, kwenye ngoma ya wanakijiji ya sehemu ya tatu, ameruka rudio ambalo ni sehemu ya umbo lenyewe. Ngoma inaanza kunoga, dhoruba imeshafika. Msikilizaji asiyejua nota hatambui kilichokatwa, anaona tu kwamba sehemu ile ni fupi na haina mizizi.

Binti Selo

Mzee wangu, shikamoo. Hesabu yako ni sahihi, lakini naomba uipime na wenzake wa wakati ule pia. Furtwängler, aliyemtangulia Berlin na kufariki Novemba 1954, kwenye sehemu hiyohiyo anazidi dakika 15 bila rudio. Ukitoka kwake ukaingia kwa Karajan wa 1962, unasikia mtu aliyekuja kukata mafuta. Mwanzo wa hiyo *Pastorale* yake unaenda kwa kasi hadi wapo waliolalamika kwamba mashambani hakuna anayekimbia hivyo.

Halafu zile alama za metronomu (kipima mwendo) za simfoni 8 za mwanzo Beethoven alizitoa 1817, zaidi ya miaka 10 baada ya *Eroica* kuandikwa. Sisemi zipuuzwe. Nasema hazikuwepo kwenye nota siku ya kwanza.

Na Tano tuihesabu pia: vipimo 502, ongeza 124 vya rudio, jumla 626. Kwa 108 kwa dakika ni kama dakika 5 na sekunde 48, kabla ya kuongeza muda wa fermata. Karajan 1962 anapiga rudio hilo na anazidi kidogo dakika 7. Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic, 1974, rekodi ambayo wengi wanaiita kali kuliko zote, naye anazidi dakika 7. Kwa hiyo ukali wa Kleiber hautoki kwenye saa. Unatoka kwenye namna nota fupi zinavyokatwa na kimya kinavyoachwa wazi. Hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia: kwa Karajan vimya vingi vimejazwa na mwangwi wa nota iliyopita.

Kanda na Waya

Binti Selo, kwenye mwangwi tumtenge Karajan na jengo kwanza. Rekodi za 1961–62 zilifanyika Jesus-Christus-Kirche, kanisa lililopo Dahlem, Berlin, fundi wa sauti akiwa Günter Hermanns. Ni jengo lenye mwangwi mrefu, mtamu, unaoyeyusha miisho ya nota. Baadaye, katika miaka ya 1970, kazi ikahamia ukumbi wa Philharmonie, ule wa Hans Scharoun uliofunguliwa Oktoba 1963. Ukumbi huo ni mzuri kwa aliyekaa ndani, kwa sababu hadhira imezunguka jukwaa pande zote. Kwa kurekodi una ugumu wake: kuta za karibu za kurudisha sauti ni chache, maikrofoni husogezwa karibu na vyombo, kisha mafundi huanza kuchanganya ili kurudisha kile ambacho umbali ungekupa bure.

Ndiyo maana Beethoven wa 1982–84 anasikika kama kioo. Fidla za juu zinang'aa hadi zinachoma, kontrabesi zinavimba, na viola, ambazo ndizo za kuunganisha, zimemezwa. Kuna waliosema ni ubaya wa dijitali. Sehemu ni hiyo, kwa sababu vifaa vya mwanzo vilikuwa vikali juu. Lakini Karajan mwenyewe aliingia sana kwenye uchanganyaji. Alipenda teknolojia kwa dhati: 1981 alikuwa pale Salzburg pamoja na Akio Morita wa Sony kuitangaza CD. Mtu wa namna hiyo hawezi kupewa sifa za sauti nzuri za 1962 halafu mbaya za 1984 akatupiwa fundi.

Kwenye filamu zake za muziki muwe waangalifu zaidi. Nyingi sauti ilirekodiwa kwanza, picha zikapigwa baadaye okestra ikiifuatisha. Angalieni pinde za fidla za nyuma kwenye nota fupi: mara nyingine upinde umeshasimama, sauti inaendelea. Msitumie picha hizo kujifunza mkono wake. Tafuteni filamu ya mazoezi ya Simfoni ya Nne ya Schumann, 1965, na Vienna Symphony, iliyotengenezwa na Henri-Georges Clouzot. Pale anasimamisha, anaimba mstari, anarudia. Ndipo kazi yenyewe inapoonekana.

Pumziko Refu

Mbona hakuna anayetaja chama cha Nazi?

Mkono wa Kushoto

Tutaje, na kwa usahihi. Aliomba uanachama Salzburg 1933, akaingia rasmi Aachen 1935, mwaka aliopata cheo cha juu cha muziki mjini humo, na tarehe ya uanachama ikarudishwa nyuma hadi Mei 1933. Baada ya vita alizuiwa kuongoza hadharani hadi 1947. Utetezi wake ulikuwa kwamba bila kadi asingepata kazi ya Aachen. Lile ombi la 1933 linautoboa utetezi huo, kwa sababu Aachen ilikuwa bado haijafika mezani.

Kwangu hilo linaingia kwenye hesabu ya mtu, na halifutwi na fermata yoyote. Pia linagusa umaarufu wenyewe: gazeti la Berlin lilimwita "muujiza" 1938 baada ya kuongoza opera ya *Tristan*, katika nchi ambayo waongoza okestra wengi Wayahudi walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Bruno Walter na Otto Klemperer hawakuwepo kushindana naye. Njia ilikuwa imesafishwa kwa dhuluma.

Klarineti B

Na kisa cha mpiga klarineti Sabine Meyer kinasemaje kuhusu uongozi wake? Mimi naona pale alikuwa na haki.

Fidla ya Pili

Kwa sikio alikuwa na haki, kwa utaratibu alikosea. Berlin Philharmonic ina desturi ya wapigaji wenyewe kupiga kura juu ya nani aingie. Mpigaji mpya huwa kwenye majaribio, kisha kura. 1982 Karajan alimtaka Meyer kwenye klarineti ya kwanza. Okestra ikapiga kura 73 dhidi ya 4 kumkataa. Sababu iliyotolewa ni kwamba sauti yake haichanganyiki na wapulizaji wenzake. Wengi waliamini sababu halisi ni kwamba ni mwanamke, katika okestra iliyokuwa imempokea mwanamke wake wa kwanza, mpiga fidla Madeleine Carruzzo, mwaka huohuo. Karajan akatumia nguvu: akapunguza kazi zake na okestra hadi zile tu za mkataba. Meyer akaondoka na kujijenga mwenyewe kuwa mmoja wa wapiga klarineti wakubwa duniani. Uhusiano haukupona tena. Kumbuka nilichosema juu ya pinde: mtindo ule unahitaji kuaminiana. Ukivunjika, hakuna mkono unaouziba, na baadhi ya rekodi za Berlin baada ya hapo zinasikika zikiwa kamili lakini baridi.

Mzee wa Metronomu

Marahaba Binti Selo, hoja ya 1817 naipokea. Lakini kwenye Bach sitarudi nyuma. Konseto yake ya *Brandenburg* ya Tatu imeandikwa kwa fidla tatu, viola tatu, selo tatu na besi, kila mmoja na mstari wake. Utamu wake wote ni kusikia wazo likirushwa kutoka mkono hadi mkono. Ukiweka watu kadhaa kwenye kila mstari na kuwaambia waunganishe nota, mistari tisa inakuwa wingu moja. Nikolaus Harnoncourt alikuwa mpiga selo Vienna Symphony 1952 hadi 1969, huku akijenga kundi lake la vyombo vya kale tangu 1953. Alichokuja kutuonyesha kuhusu Bach kinaziacha rekodi za Bach za Karajan bila kazi.

Sauti ya Kati

Kwenye opera picha ni tofauti, na sijui kwa nini haijatajwa. *Falstaff* na *Der Rosenkavalier*, zote za 1956 na Philharmonia, ni kazi za mtu anayefuata neno la mwimbaji silabi kwa silabi. Konsonanti mnazozitafuta ziko kule. Baadaye, kwenye *Ring* ya Wagner, mfululizo wa opera nne (1966–70), alichagua sauti nyepesi na kuishusha okestra ili zipenye. Wazo zuri mbele ya maikrofoni, kwa sababu fundi anaweza kumnyanyua mwimbaji. Kwa koo ni hatari, kwa kuwa nota zinabaki zilezile, ndefu na za juu. Helga Dernesch, aliyeimba nafasi ya Brünnhilde kwenye *Siegfried* na *Götterdämmerung*, opera mbili za mwisho za *Ring* hiyo, alihamia baadaye kwenye nafasi za mezzo (sauti ya kike ya kati). Sisemi ni Karajan peke yake, ila mwimbaji kijana asichukulie rekodi ile kama ruhusa.

Pigo la Kwanza

Nimewasoma wote. Kwenye Bach sina la kumtetea. Ila ngojeni niweke moja linalompa haki ambayo hata mashabiki wake husahau. 1972–74 alirekodi kazi za Schoenberg, Berg na Webern, muziki ambao hakuna aliyetarajia uuzike. Kwenye *Variations* za Schoenberg, opus 31, alibadilisha ukaaji wa wapigaji kwa kila variesheni, ili uwiano anaoutaka utoke kwenye nafasi ya vyombo vyenyewe. Kwenye tamasha huwezi kuwahamisha watu zaidi ya 80 kila baada ya dakika mbili. Hapo studio imekuwa chombo cha muziki kwelikweli, na ile sauti iliyomlainisha Beethoven ndiyo inayofanya muziki huu mgumu ueleweke, kwa sababu kila mstari una mwanzo na mwisho unaofuatika.

Pumziko Refu

Sasa mtu ambaye hajamsikiliza kabisa aanze na ipi ili ahukumu mwenyewe?

Binti Selo

Anza na Sibelius ya Nne ya 1965, sehemu ya kwanza tu, kwa spika zinazoshuka hadi sauti za chini. Spika ya simu haitakupa zile kontrabesi. Kisha Tano ya Beethoven ya 1962, sehemu ya kwanza mara mbili: mara ya kwanza fuata nota ndefu, mara ya pili fuata vimya. Weka ya Kleiber papo hapo baada yake, sauti ikiwa kwenye kiwango kilekile, maana iliyo juu zaidi hudanganya sikio kuwa ndiyo bora. Kisha *Eroica* ya 1984 kwa dakika tano, usikie kile alichosema Kanda na Waya kuhusu viola. Malizia na Simfoni ya Saba ya Bruckner aliyorekodi na Vienna Philharmonic Aprili 1989, rekodi yake ya mwisho. Sikiliza selo zinavyoingia mwanzoni, chini ya mtetemeko mwembamba wa fidla. Angalia kama unaweza kutambua pale mpigaji yeyote anapogeuza upinde.